Laptopu Ndogo Haifi kwa Tarehe

Tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipoacha kuitunza Windows 10, maduka ya kompyuta hapa Kisumu yamepata msamiati mpya. Ukipeleka laptopu yako ya inchi 12 ikaguliwe, unaambiwa imepitwa na tarehe, utadhani ni pakiti ya maziwa. Unashauriwa uiache hapo kwa bei ya kuitupa, uongeze pesa, uondoke na ndogo mpya: nyembamba, rangi ya fedha, plastiki ingali juu ya kioo na kibandiko cha Windows 11 pembeni mwa kibodi. Wazazi wameuza. Wanafunzi waliopokea mkopo wa kwanza wa HELB wameuza. Jirani yangu wa Mamboleo, mwalimu, aliuza akanunua, na mwezi haukuisha kabla hajaanza kuulizia kama yule aliyeichukua ya zamani bado anayo.

Naona tarehe ile imeeleweka vibaya, na kosa hilo linawagharimu watu wasio na pesa za kukosea. Umri wa kompyuta ndogo katika mji kama huu hauamuliwi na siku ambayo kampuni ya Marekani imeacha kutuma masasisho. Unaamuliwa na jambo moja linaloonekana kwa macho mtu akiifungua mashine kwa bisibisi: je, sehemu zake zinachomoka, au zimechomelewa kwenye bodi? Anayeikimbia ndogo ya zamani inayofunguka na kuikumbatia ndogo mpya isiyofunguka ameruka majivu akakanyaga moto. Sisemi kwamba tarehe ile ni uzushi, wala kwamba hakuna anayestahili kununua mpya. Wapo, na nitawafikia.

Kwanza tuiweke habari yenyewe sawa, maana dukani huwa inafika nusu. Windows 10 ilitoka Julai 29, 2015. Windows 11 ilipokuja Oktoba 2021 iliweka masharti: kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, hifadhi ya GB 64, kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel orodha hiyo, ukiacha prosesa chache sana, inaanzia kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Kwa hiyo laptopu iliyomgharimu afisa wa benki pesa nyingi huko London mwaka 2016 imefungiwa nje, ilhali laptopu hafifu ya juzi imeruhusiwa ndani. Sharti halikuuliza nguvu, liliuliza umri. Halafu, kuisha kwa huduma si kuzimika. Mashine inawaka kama jana. Inachokosa ni viraka vya usalama. Na hata viraka hivyo havikukatwa siku ile kwa kila mtu. Microsoft ilitangaza kwamba mwenye kompyuta ya nyumbani anaweza kuendelea kuvipata hadi Oktoba 13, 2026, bila kulipa chochote ikiwa atakubali kuhifadhi mipangilio yake kwa akaunti ya Microsoft, au kwa dola 30 asipotaka. Kampuni zinaweza kununua muda hadi Oktoba 2028. Shule zilipewa bei ambayo ningependa kila mwalimu mkuu aisome mara mbili: dola 1 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili, 4 mwaka wa tatu. Jumla ni dola 7, chini ya shilingi elfu moja za Kenya, kwa miaka mitatu. Sijawahi kumsikia muuzaji hata mmoja akilitaja hilo, na simlaumu sana. Hakuna anayeuza laptopu kwa kukueleza jinsi ya kutoinunua.

Lakini hofu ya tarehe isingepata mteja kama hatungekuwa tumeshachanganya mambo mawili muda mrefu uliopita. Mwishoni mwa 2007 Asus, kampuni ya Taiwan, ilitoa Eee PC: kioo cha inchi 7, hifadhi ya GB 4, mfumo wa bure wa Linux badala ya Windows, na bei iliyowashangaza watu. Watengenezaji wengine wakaiga, na kwa miaka michache vile vikompyuta vikawa kila mahali, hata huku kwetu. Vilikuwa vizito wa kufikiri na kibodi yake ilifaa vidole vya mtoto. iPad ilipotoka 2010 na laptopu za kawaida ziliposhuka bei, vikafifia. Vilituachia imani kwamba kompyuta ikiwa ndogo ni kwa sababu ni ya maskini, kwa hiyo mwenye uwezo achukue ya inchi 15.6, aibebe kama mkoba wa wakili. Wakati uo huo, kimyakimya, ulikuwepo udogo wa aina nyingine kabisa. ThinkPad za familia ya X za Lenovo, EliteBook 820 na 830 za HP, Latitude za 7000 za Dell: hizi zilikuwa ndogo kwa sababu mwajiri fulani Ulaya alilipia udogo. Zikiwa mpya zilipita bei laptopu nyingi kubwa, maana kuibana nguvu ileile ndani ya kilo moja na ushei ni kazi ghali. Waajiri hao huzibadilisha kila baada ya miaka michache, nazo huingia katika makontena na kutufikia zikiitwa ex-UK, hata zile zilizotoka Ujerumani. (Walimu wa Kiswahili hutaka tuseme vipakatalishi. Nami nilijaribu dukani. Kijana alidhani namtafutia mtu.)

Basi rafuni zimekaa ndogo mbili bega kwa bega, kwa bei ambazo mara nyingi hazitofautiani sana. Moja ni ndogo kwa sababu kila kitu kimepunguzwa, nyingine ni ndogo kwa sababu kila kitu kimebanwa. Kwa nje ile ya kwanza ndiyo inayopendeza. Ili kumwonyesha mtoto wa dada yangu tofauti, maana alikuwa anaingia chuo na tayari alikuwa ameipenda ile ya rangi ya fedha, nilimpeleka kwa fundi mmoja ghorofani, mwenye meza iliyojaa skrubu zilizopangwa juu ya karatasi kwa mpangilio wa matundu yake. Fundi alikuwa na mpya ya aina ileile, ya mteja, imekufa baada ya kumwagiwa chai. Aliigeuza, akafungua skrubu, akapitisha kipande cha plastiki ukingoni hadi mgongo ukatoka. Ndani kulikuwa karibu kutupu. Betri bapa, spika mbili kama mbegu za boga, na bodi ambayo ingeenea kiganjani. "Mzee, hapa hakuna pa kuingiza kitu," alisema. RAM ya GB 4 imechomelewa. Hifadhi ni ya eMMC, jamaa wa karibu wa kadi ya memori ya simu, nayo imechomelewa. Kisha akachukua Latitude ya inchi 12.5 iliyochakaa pembeni, akaifungua. SSD, yaani hifadhi yake, ilishikwa na skrubu moja, RAM ilikaa ndani ya nafasi yake kwa vibanio viwili vya chuma, kadi ya Wi-Fi ilikuwa peke yake, na betri ilifungwa kwa skrubu, si kwa gundi. Alibonyeza vile vibanio kwa kucha za gumba na RAM ikainuka kama mlango wa mtego. "Sasa hii, mjomba, hata mimi naweza," binti akasema. Hiyo ndiyo hoja yangu nzima, na ingeweza kuishia hapo kama mambo yangekuwa mepesi hivyo.

Kwa nini nasisitiza ndogo, badala ya kusema tu watu wanunue kubwa inayofunguka? Kwa sababu ya maisha ya huku. Umeme wa magharibi mwa Kenya una tabia zake. Tuko ukingoni mwa gridi, na laini ya Lessos hadi Tororo hutuunganisha na Uganda. Nchi ilipozimika Agosti 25 na tena Desemba 10 mwaka 2023, walioathirika hawakuwa sisi peke yetu, lakini kukatika kwa kawaida, kule kwa saa mbili tatu alasiri, tumekuzoea kuliko kunakovumilika. Ongeza radi. Eneo linalozunguka Ziwa Victoria lina radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na mtu wa Kakamega au Kisii hahitaji kuelezwa kwa nini huchomoa kila waya anapoona wingu limesimama. Kompyuta ya mezani katika mazingira haya inaomba kuungua. Laptopu inayokula umeme kidogo, yenye betri ya kumaliza alasiri moja, ndiyo inayofanya kazi ikamilike. Kuna pia boda boda. Mkoba wa inchi 15.6 mgongoni mwa abiria saa moja jioni Kondele unajitangaza wenyewe. Ya inchi 12 inaingia katika kiondo pamoja na sukuma wiki na hakuna anayejua. Nimewasikia watu wakiita udogo huu anasa. Mimi naona ni usalama na ni mwanga wa jioni.

Sasa tuwasikilize wapinzani, na nianze na mwenye hoja nzito kuliko wote. Anasema: ya mtumba imetumika, mpya ina waranti, betri yake ni nzima, na hujui aliyekuwa nayo aliifanyia nini. Ni kweli. Betri hasa ndiyo ugonjwa wa mtumba, na muuzaji anayekuonyesha laptopu ikiwa imechomekwa ukutani ana sababu. Dawa ipo na haina gharama: kwenye dirisha jeusi la amri andika powercfg /batteryreport, fungua ukurasa unaotengenezwa, linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa iliyokuwa na mWh 46,000 leo inajaa 20,000, unanunua chini ya nusu ya betri, na bei iseme hivyo. Kuna na ugonjwa wa pili usiojulikana sana. Laptopu za kampuni mara nyingi husajiliwa kwa mwajiri, na usajili huo haufutiki kwa kuweka Windows upya. Unaiwasha nyumbani, unaiunganisha na intaneti, nayo inakukaribisha kwa jina la mwajiri wake wa zamani na kudai barua pepe ya kazini. Nimeiona moja ikimkaribisha kwa bashasha mnunuzi wa Nyalenda katika baraza la mji fulani wa Uingereza. Iwekwe Windows upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti, kabla hujatoa pesa. Kwa hiyo hoja ya waranti nakubali uzito wake, ila naipima na hali halisi: waranti ya mwaka mmoja kwa mashine ya bei ya chini mara nyingi humaanisha kuituma Nairobi na kusubiri, na chai haimo ndani ya waranti ya mtu yeyote. Mwenye pesa ya kununua ndogo mpya yenye GB 16 na SSD inayochomoka, anunue na asinisikilize. Ninayezungumza naye ni yule ambaye bajeti yake inamleta kwenye GB 4.

Wa pili anasema simu inatosha. Huyu nampa haki kuliko wachambuzi wengi wanavyompa. Mfanyabiashara wa samaki wa Dunga mwenye M-Pesa, WhatsApp na kamera hana haja ya laptopu, na kumwambia vinginevyo ni kumuuzia haja. Mpaka uko pale kazi inapohitaji kuandika kurasa, kulinganisha nyaraka mbili kwa pamoja, au kutumia faili ambazo simu haizijui. Mfano ni fomu ya Excel ya mamlaka ya kodi, KRA, ambayo wenye mapato ya biashara wamekuwa wakiijaza. Ndani yake mna makro, yaani vijiprogramu vinavyoiendesha fomu, na makro za aina hiyo hazifanyi kazi katika Excel ya simu. Matokeo yake ni kila Juni watu kujipanga kwenye saiba, kila mmoja akimtajia kijana wa saiba nenosiri lake kwa sauti, naye analiandika katika daftari la kurasa 96. Nitalirudia daftari hilo.

Wa tatu ni wa Chromebook, laptopu zinazoendeshwa na mfumo wa Google badala ya Windows. Zimejaa sokoni siku hizi, nyingi zikitoka shule za Marekani, ndogo, ngumu, zenye mpira pembeni kuzuia kuvunjika, na bei yake inavutia kuliko zote. Kwa mtu ambaye kazi yake yote iko ndani ya kivinjari na ana intaneti ya uhakika, ni chaguo la busara. Ila kila modeli ya Chromebook imewekewa siku ya mwisho ya masasisho. Mwaka 2023 Google ilitangaza kuirefusha hadi miaka 10, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotoka, si tangu wewe ulipoinunua. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa zimeshapita siku yao au ziko mlangoni. Nimemwona mtu akiuza laptopu ya Windows 10 kwa sababu imepitwa na tarehe, kisha akanunua Chromebook iliyopitwa na tarehe kabla yake. Siku hiyo imeandikwa ndani ya mipangilio ya mashine, ni dakika moja kuiangalia. Na zile makro za KRA hapa pia zinakwama.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo ninayoisikia mara nyingi kutoka kwa watu wa upande wangu, ni hii: "Mimi nitabaki na Windows 10 hivyohivyo, sina cha kuibiwa." Inaudhi kwa sababu inaharibu hoja nzuri. Mtu anayesema hivyo ana namba ya KRA, ana akaunti ya huduma za serikali ya eCitizen iliyobeba kitambulisho chake na leseni yake, ana barua pepe ambayo kupitia kwayo kila nenosiri jingine linaweza kubadilishwa, na vyote hivyo kivinjari kimeahidi kumkumbukia. Mwizi wa siku hizi haangalii kama una mali nyumbani. Anahitaji jina lako tu ili akope kwalo, au kompyuta yako ili awadanganye wengine kupitia kwako. Tundu lisilozibwa Windows halitakutafuta wewe binafsi, litatafuta kila asiyeziba. Kwa hiyo mwenye ya zamani ana njia tatu, na kukaa hivyohivyo si mojawapo. Ajiunge na ile huduma ya viraka hadi Oktoba 13, 2026. Ahamie Linux, ambayo Linux Mint yake inafanana vya kutosha na Windows hivi kwamba mama yangu mdogo aliitumia wiki mbili kabla ya kuuliza kwa nini rangi zimebadilika. Au aweke Windows 11 kwa njia ya uchochoroni, ile ambayo mafundi wengi wanaijua ya kuruka ukaguzi wa masharti. Hii ya mwisho inafanya kazi, lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina haki ya masasisho, kwa hiyo unaishi kwa hisani. Kwa mwanafunzi mimi ningechagua Linux. Kwa mwenye duka anayetegemea programu ya hesabu ya Windows, ningesema atafute ya kizazi cha 8, EliteBook 830 G5 kwa mfano, ambayo Windows 11 inaikubali na bado ina nafasi mbili za RAM. Na hata huyu aliyejiziba vizuri ajue kwamba tundu kubwa kuliko yote ni lile daftari la saiba. Laptopu ya zamani nyumbani kwako, yenye viraka, ni salama kuliko kompyuta mpya kabisa ambayo nenosiri lako limeandikwa kwa kalamu pembeni yake.

Kufikia hapo ningesema jambo limekwisha, kama si mambo mawili yanayokuja kwa pamoja. La kwanza ni bei ya RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 imepanda kwa kasi, kwa sababu viwanda vichache vinavyoitengeneza duniani, vya Samsung, SK Hynix na Micron, vimeelekeza nguvu kwenye kumbukumbu za mitambo ya akili bandia, ambako faida ni nono. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha kabisa kuuza RAM na SSD za Crucial kwa watumiaji wa kawaida, jina ambalo mafundi wa hapa walilizoea. Mtengenezaji wa laptopu ya bei ya chini akibanwa na bei hiyo, kitu rahisi kwake ni kubaki GB 4 pale ambapo alikuwa ameanza kuweka 8. Na GB 4 leo, Windows 11 ikishajiwasha na kivinjari kikafunguliwa kurasa tano, ni kama matatu iliyokwisha jaa kabla ya kutoka stendi. Ikiwa imechomelewa, hakuna la kuongeza. Mnunuzi anayeikubali GB 4 leo kwa matumaini ya kuongeza baadaye ameshanunua baadaye yake pia.

La pili linaniuma zaidi, kwa kuwa linaipunguza hoja yangu mwenyewe. Hata ule udogo wa aina ya pili, wa mashine za maafisa, umeanza kuchomelewa. ThinkPad X270 ya mwaka 2017 ina nafasi ya RAM, ina betri mbili, moja ya ndani na nyingine inayochomolewa kwa mkono bila bisibisi, na inakubali chaja ya USB-C. Lakini prosesa yake ya kizazi cha 6 au 7 imefungiwa nje ya Windows 11. Aliyeifuata, X280 ya 2018, ni nyepesi, imekubaliwa na Windows 11, na RAM yake yote imechomelewa. Mstari ule ambao Microsoft iliuchora karibu unapita palepale ambapo watengenezaji waliamua kwamba wembamba ni bora kuliko kufunguka. Kwa hiyo ushauri wa "nunua inayokubali Windows 11", ambao unasikika kuwa wa tahadhari, mara nyingi ni ushauri wa kununua isiyoongezeka, na mwenye kuufuata anapaswa kudai GB 16 siku ya kwanza. Chaguo la katikati lipo, ile 830 G5 niliyoitaja na Latitude 7290, lakini ni kizazi kimoja au viwili tu, na makontena yataendelea kusonga mbele. Mwaka hadi mwaka zitakuja za 2020, za 2021, za 2022.

Upande wa chaja, kwa haki, mambo yanakwenda vizuri. Umoja wa Ulaya uliamua kwamba kuanzia Aprili 28, 2026 laptopu mpya zinazouzwa huko ziwe zinachajiwa kwa USB-C. Uingereza imetoka katika Umoja huo, ila sidhani kama kuna mtengenezaji atakayehangaika kuitengenezea tundu lake. Miaka michache baadaye makontena yataleta mashine zisizohitaji mtu kuzunguka Kisumu nzima akitafuta chaja yenye ncha ya manjano. Kwa mtu wa Siaya mwenye sola ndogo na pawabenki, hilo ni kubwa kuliko wanavyojua waliolipitisha.

Haya yanazihusu shule zaidi ya mtu mmoja mmoja. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na kila shule sasa inataka maabara ya kompyuta kabla haijaulizwa na wazazi. Nchi hii imeshawahi kuvipenda vifaa vidogo kwa mkupuo: mwaka 2013 waliahidiwa laptopu watoto wa darasa la kwanza, na kuanzia 2016 vikaja vishikwambi. Kishikwambi ni kifaa kilichofungwa. Betri yake ikichoka, kimechoka chote. Bodi ya shule inayotangaza zabuni huandika ukubwa wa kioo, mwaka na Windows 11, kisha inachagua bei ya chini. Ingeandika mstari mmoja tu wa ziada, kwamba RAM, hifadhi na betri ziwe zinabadilishika kwa bisibisi ya kawaida, nusu ya takataka zinazotolewa kwenye zabuni hizo zisingeweza kuingia. Na ile maabara ya Windows 10 iliyopo isitupwe kabla ya mtu kupiga hesabu ya dola 7 zile, au kuwaita vijana wa chuo waiwekee Linux Jumamosi moja. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka tunayo tangu 2022. Kutupa kompyuta 30 nzima kwa sababu ya kibandiko ni njia ya ajabu ya kuitii.

Binti yetu hatimaye alichukua Latitude 7290, betri ikiwa imebaki na robo tatu ya uwezo wake, na akashusha bei kwa kumwonyesha muuzaji ripoti ile kwenye kioo cha laptopu yenyewe. Ilikuwa na GB 8. Tulirudi kwa fundi ghorofani kuongeza. Alitoa chini ya meza mkebe wa biskuti, ndani mna RAM za kila umri alizozichomoa kwenye mashine zilizokufa, kila moja imefungwa kwa kipande cha karatasi chenye tarehe. Zamani, alituambia, alikuwa akimpa mteja moja kama nyongeza, kama muuza nyanya anavyoongeza mbili. Siku hizi huzihesabu asubuhi na huzihesabu jioni. Alitafuta hadi chini akapata ya GB 16 inayooana, akataja bei iliyonifanya nikohoe, tukalipa. Kisha akaitazama ile mpya iliyomwagiwa chai, ingali wazi pale mezani. Hakuwa na cha kuchomoa humo cha kuweka mkebeni.